Wapime Kwanza, Ndipo Wachimbe



Kila masika yanapokaribia, Dar es Salaam hukumbuka kwamba imejengwa mabondeni. Hapo ndipo mipango hutolewa kabatini: mitaro itapanuliwa, mto utazibuliwa, na mahali fulani litachimbwa bwawa la kupokea maji ya mvua ili yasiingie majumbani mwa watu. Wananchi huitwa mkutanoni, ramani hutundikwa ukutani, mgeni rasmi husema maneno mazuri, na mwisho huulizwa: je, mnaafiki? Watu hujibu kwa makofi. Nani asiyetaka kulala usiku wa mvua bila kuweka godoro juu ya meza?

Sisi hatupingi bwawa. Yasemwe hayo wazi tangu mwanzo, maana ni desturi ya baadhi ya wakubwa kumwita mpinga maendeleo kila anayeuliza swali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na mwaka 2012 familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi, shule na hospitali walizozizoea. Mvua za mwaka 2024 ziliua watu 155 nchini kote kufikia mwishoni mwa Aprili, kwa hesabu aliyoitoa Waziri Mkuu bungeni. Anayesema maji ya mvua yaachwe tu yapite yatakavyo hajapoteza mtu.

Tunachopinga ni kuchimba gizani. Bwawa ni shimo, na shimo huchimbwa katika ardhi fulani, yenye udongo wa namna fulani, na maji yaliyomo chini yake kwa kina fulani. Asiyeyajua hayo matatu hajui anachimba nini. Huenda anachimba kinga ya mtaa. Huenda anachimba kisima kikubwa cha sumu na mazalia ya mbu. Na ajabu ni kwamba katika mikutano mingi ya namna hii, hayo matatu ndiyo hayatajwi kabisa. Hutajwa fedha, hutajwa mkandarasi, hutajwa nani atabomolewa. Udongo hauna msemaji.

Tuanze na hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Bwawa lenye urefu wa meta 100, upana wa meta 50 na kina cha meta 2 huchukua meta za ujazo 10,000. Hivyo ndivyo litakavyoandikwa kwenye mchoro. Lakini kama masika maji ya ardhini hupanda mpaka meta moja juu ya sakafu ya shimo hilo, basi nusu ya bwawa imejaa kabla tone moja la mafuriko halijaingia. Zimebaki meta za ujazo 5,000. Mvua ya milimeta 50 ikinyesha juu ya kilometa moja tu ya mraba huleta meta za ujazo 50,000, na sehemu kubwa yake, katika mtaa uliofunikwa kwa mabati na saruji, hutiririka. Fikirini sasa: wananchi wameahidiwa kinga ya kumi, wamepewa ya tano, na wala hakuna aliyewadanganya kwa makusudi. Hakupima tu.

Wengine husema dawa ni kulisakafia bwawa kwa zege au kulitandika plastiki nene, maji ya chini yasipande. Nalo hilo lataka vipimo. Bwawa likiwa tupu na maji ya ardhini yakiwa juu, yale ya chini husukuma sakafu kwenda juu kama mashua inavyoelea. Plastiki hufutuka, zege hupasuka. Mhandisi mwenye kipimo mkononi huliona hilo mapema na kuweka njia ya kuyatoa maji. Asiye na kipimo hulipia sakafu ile ile mara mbili, nasi ndio tunaolipa.

Kuna tofauti nyingine ambayo kila kiongozi wa walei anapaswa kuijua ili asipitwe na maneno mkutanoni. Yako mabwawa ya kuzuia maji kwa muda na kuyaachilia polepole kuelekea mtoni. Na yako mabwawa ya kupenyeza, ambayo maji yake hayaendi popote isipokuwa chini, ardhini. Hilo la pili likiwa juu ya mchanga safi, mbali na visima na vyoo, ni baraka, kwa kuwa hurudisha ardhini maji tuliyoyachota. Likiwa juu ya mfinyanzi mzito, maji hayapenyi. Hukaa. Kwa joto letu la pwani, mbu hutoka yai akawa mbu kamili kwa muda wa juma moja hivi au zaidi kidogo, na yule mbu wa maji machafu ndiye anayeeneza matende na mabusha katika jiji hili. Kwa hiyo wataalamu hutaka bwawa la kupenyeza liwe limekauka ndani ya siku mbili au tatu baada ya mvua. Udongo ndio unaoamua kama hilo litawezekana, wala si hotuba. Nalo bwawa hilo likiwekwa juu ya takataka za zamani, ni balaa tupu, na hapo ndipo penye kiini cha andiko hili.

Jiji letu limekaa juu ya nini? Sehemu kubwa ya uwanda wa Dar es Salaam ni tabaka za mchanga. Juu pana mchanga wenye maji ya karibu, ambayo mtu huyafikia kwa jembe na ndoo. Chini yake, sehemu nyingi, pana mfinyanzi. Chini ya mfinyanzi pana mchanga mwingine wenye maji ya kina zaidi, ambako visima virefu hufika. Wakati wa ukame wa mwaka 1997 vilichimbwa visima vingi kuokoa jiji, na tangu hapo watu binafsi, shule, misikiti, parokia na wauza maji wameendelea kuchimba. Hata leo, bomba linapokauka, dumu la mtu wa kawaida hujazwa kwa maji ya kisima.

Na katika mchanga huo huo wa juu vimechimbwa vyoo vya shimo na makaro ya nyumba zisizo na bomba la majitaka, ambazo ndizo nyingi. Wachunguzi waliopima visima vya jiji wamekuta nitrati itokanayo na kinyesi, wamekuta vijidudu vya kinyesi, na karibu na bahari wamekuta chumvi inayoingia kadiri tunavyozidi kuvuta maji. Mama mwenye busara huchemsha maji, na afanye hivyo siku zote, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu. Lakini ajue kwamba moto hauondoi nitrati wala madini ya risasi. Sufuria ikichemka kwa muda mrefu, maji hupungua na sumu hubaki. Nitrati ikizidi miligramu 50 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo.

Sasa tazameni ule mfinyanzi wa katikati. Huo ndio mkeka unaoyatenga maji machafu ya juu na maji mazuri ya chini. Mkandarasi anayechimba bila kujua mfinyanzi umeanzia wapi na unene wake ni kiasi gani aweza kuutoboa kwa kijiko cha katapila asubuhi moja, akaunganisha karo la mtaa mzima na kisima kirefu cha zahanati. Hakuna atakayeona chochote siku hiyo. Maji hayatabadilika rangi.

Tuje Msimbazi, maana tukisema mabwawa ya maji ya mvua tunausema hasa mto huo na vijito vyake, utokao vilima vya Pugu na kuingia baharini penye daraja la Salender. Bonde hili si ardhi tupu iliyokuwa ikisubiri katapila. Ni ardhi iliyotwikwa mizigo ya jiji kwa miaka mingi. Taka za jiji zilimwagwa Tabata mpaka wakazi wakachoka na moshi, nzi na harufu, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988. Walishinda. Halmashauri ya Jiji ikaomba muda, ikaomba tena muda, na dampo likaendelea hadi mwaka 1991. Lilipoondolewa Tabata likapelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo, nao wakashinda. Kisha zamu ikawa ya Vingunguti, kando ya bonde lile lile la Msimbazi. Ndugu zangu, angalieni mwendo wa dampo hilo. Lilifukuzwa na walioweza kwenda mahakamani, likatua kwa walalahoi.

Dampo likifungwa halifi. Limefukiwa udongo, nyasi zimeota, vijana wamechora goli la mpira. Lakini chini yake taka zinaendelea kuoza, na mvua inayopenya hutoka upande wa pili ikiwa maji meusi yenye chumvi, amonia na madini mazito. Ukiweka bwawa la kupenyeza juu ya mahali kama hapo, au hata jirani yake upande wa juu, umefungulia bomba juu ya taka. Kilichokuwa kikitoka kidogo kidogo kitatoka kwa wingi, kitafuata mwelekeo wa maji ya ardhini, na mwelekeo huo haufuati mipaka ya mitaa.

Ongezeni viwanda vya Barabara ya Pugu, machinjio, mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, gereji zinazomwaga oili chini, na betri zinazopasuliwa uani. Mwaka 1988 tayari ulikwisha chapishwa utafiti wa kitaalamu kuhusu madini mazito katika mto Msimbazi. Tafiti nyingine zimefuata, zikataja risasi, kromi, zinki na kadhalika katika udongo, katika maji, na katika mchicha na matembele yanayolimwa bondeni na kuuzwa sokoni. Kwa hiyo asije mtu leo akasema kwamba hatukujua. Tumejua kwa zaidi ya miaka 35.

Liko pia jambo la udongo unaotoka. Bwawa la meta za ujazo 10,000 lina maana ya udongo wa meta za ujazo 10,000 kupelekwa mahali. Wapi? Katika jiji ambalo kila mtu wa bondeni hununua kifusi kuinua uwanja wake, jibu linajulikana: malori yatauza. Kama udongo huo una risasi, tutakuwa tumeichimba bondeni na kuisambaza barazani, watoto wanapochezea na kutia vidole mdomoni. Hili peke yake latosha kudai kwamba hakuna lori litakaloondoka kabla udongo haujapimwa maabara na mahali pa kuumwaga pakaandikwa.

Basi kupima ni kufanya nini? Tulieleze kwa kirefu kidogo, maana neno "utafiti umefanyika" limekuwa pazia.

Kwanza huulizwa historia. Hapa palikuwa nini mwaka 1970, mwaka 1985, mwaka 1995? Wazee wa mtaa wanajua. Mara nyingi bibi mmoja aliyeuza vitumbua hapo kwa miaka 40 ana habari isiyomo katika ramani ya mshauri mwelekezi: palipokuwa na shimo la taka, palipofukiwa ngozi za machinjioni, kisima kilichoachwa kwa sababu maji yalikuwa na harufu. Kupima bila kumuuliza mtu huyu ni kupapasa.

Kisha huchimbwa mashimo ya uchunguzi na kuchorongwa matundu, si moja katikati ya kiwanja bali kadhaa, kwa kuwa ardhi ya bonde hubadilika kila hatua chache: hapa mchanga, hapa tope jeusi, hapa kifusi na mifuko ya plastiki. Matundu hayo yaende chini kupita sakafu ya bwawa linalokusudiwa. Tundu la meta mbili kwa bwawa la meta tatu ni mzaha. Kila tabaka huandikwa kina chake, rangi yake na aina yake. Udongo wenyewe una kumbukumbu: madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu huonyesha mpaka ambapo maji hupanda masika na kushuka kiangazi, hata kama siku ile ya kuchimba ni kavu kabisa.

Ndani ya baadhi ya matundu hayo huachwa mabomba ya kupimia maji. Yanatakiwa angalau matatu, yasiyo katika mstari mmoja, kwa sababu kwa bomba moja utajua kina, lakini ili ujue maji yanaelekea wapi unahitaji matatu. Nayo yaachwe hapo, yasomwe tena na tena, kiangazi, vuli na masika. Hapa tusimame kidogo. Hila kubwa kuliko zote katika kazi hii, iwe ya kukusudia au ya uvivu, ni kupima mwezi wa Agosti. Agosti kila bonde ni zuri. Maji yako chini, udongo unakunywa, ripoti inapendeza, mkataba unasainiwa Septemba. Aprili bwawa linaingia maji toka chini, na wahusika wanasema ni mvua zisizo za kawaida. Anayetaka ukweli wa bonde apime wakati bonde linasema, yaani Aprili na Mei.

Hupimwa pia kasi ya maji kupenya: maji humiminwa katika duara la chuma lililochomekwa ardhini, saa mkononi, na kufanywa hivyo kwa kina kile kile ambacho sakafu ya bwawa itakuwapo. Kupima juu ya nyasi kisha kuchimba meta mbili chini ni kumpima mgonjwa kwa damu ya jirani. Mwisho hupelekwa maabara udongo na maji. Katika udongo hutafutwa risasi, kromi, kadimi, zinki na mabaki ya mafuta. Katika maji hutafutwa hizo hizo pamoja na nitrati, chumvi na vijidudu vya kinyesi. Chupa ya kupimia vijidudu iwe safi ya maabara, iwekwe penye baridi na ifike siku ile ile. Visima vya majirani navyo vipimwe kabla ya ujenzi, ili maji yakiharibika baadaye pasiwe na ubishi kwamba yalikuwa hivyo tangu zamani.

Hayo yote si anasa ya Ulaya. Vifaa vipo, maabara zipo, na vyuo vyetu vinafundisha vijana kazi hiyo kila mwaka.

Tunajua yatakayojibiwa. Jibu la kwanza ni muda: mvua haingoji. Ni kweli, lakini mradi unaotafutiwa fedha kwa miaka mitatu hauwezi kukosa masika moja ya kusoma mabomba. Jangwani patufundishe. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa pale bondeni. Mabasi yakaanza kazi mwaka 2016. Maji yakaingia karakana tena na tena. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, na mradi huo umepangiwa, pamoja na mengine, kuihamisha karakana hiyo hiyo. Ni nani aliyeokoa muda?

Jibu la pili ni fedha. Mashimo machache, mabomba matatu na sampuli za maabara ni senti katika bajeti ya bwawa. Walinganishe na Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 mpaka 2014, na risasi ikapimwa katika miili ya watoto baada ya kuwa imekwisha ingia. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mashauri ya rufaa yakaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Hakuna senti ya fidia inayoondoa risasi kwenye mfupa wa mtoto.

Jibu la tatu ndilo linalotuudhi zaidi. Husemwa kwamba hawa watu ni wavamizi wa bonde, hawana haki ya kuuliza. Twajibu: wengi walifika bondeni kwa sababu jiji halikuwapa viwanja walivyoweza kuvinunua, na serikali za mitaa ziliwapokea, zikawasajili, zikawaomba kura. Hata mtu akiwa amejenga pasipostahili, hana hukumu ya kunywa sumu. Maji ya ardhini hayaulizi hati. Yataanza kwa mwenye kibanda na kuishia kwa mwenye ghorofa aliyechimba kisima chake kirefu huko chini.

Tusijifiche nasi. Ni sisi tunaofungulia makaro wakati wa mvua ili yaende na maji, na taka za arusi zetu hutupwa mtaroni usiku. Bwawa lililopimwa vizuri likageuzwa dampo na waamini wa parokia ile ile litakuwa limekufa kwa mikono yetu, na hapo hatutakuwa na wa kumshitaki.

Sheria iko upande wa anayeuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, tena inamruhusu kwenda kuidai. Nayo hutaka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi kuanza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwombaji. Na waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 unadai jambo hilo hilo: tathmini isije baada ya uamuzi kuwa umekwisha fanywa, na watu wa mahali wawe na kiti mezani.

Kwa hiyo mkutano utakapoitishwa mtaani kwenu, msiende kupiga makofi tu. Aende mwenyekiti wa Jumuiya na katibu wake na daftari. Waulize matundu mangapi yamechorongwa na kwa kina gani; maji yalikutwa meta ngapi chini, na mwezi gani; risasi na nitrati ni kiasi gani kwa tarakimu, si kwa maneno "iko ndani ya kiwango"; mfinyanzi unaanzia wapi; udongo utamwagwa wapi; na ni nani atakayesoma mabomba baada ya mkandarasi kuondoka. Wakijibiwa kwamba ripoti ipo ofisini, waombe nakala kwa barua siku ile ile, barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na hesabu ya siku 30 ianze. Katika muda huo kila Jumuiya iorodheshe visima vya eneo lake: mwenye nacho, kina chake, nyumba zinazokitegemea, na umbali wake hadi mahali panapotajwa kuchimbwa. Orodha itengenezwe nakala tatu: moja kwa serikali ya mtaa, moja kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na moja ibaki kwenye faili la parokia.